Mume wa Mkuu wa Fedha

Kazini dada yangu walimwita Mama Hapana. Alijua, wala hakununa. Alikuwa akiniambia kwamba mtu wa fedha katika shirika linaloishi kwa misaada, akiona wenzake wanampenda kupita kiasi, ajikague. Mimi mdogo wake, fundi cherehani nisiye na bosi isipokuwa wateja, nilimjibu kuwa hayo ni maneno ya mtu aliyekosa marafiki. Tulitaniana hivyo miaka yote tuliyokaa pamoja katika nyumba aliyotuachia baba, mimi chumba cha nyuma na cherehani yangu, yeye vyumba vya mbele na upweke wake.

Shirika lenyewe ni la macho. Lina hospitali ng'ambo ya barabara, mkabala na geti letu, na hapo wazee wenye mtoto wa jicho hupasuliwa bila kulipa chochote. Wanaingia wameshikwa mkono, wanatoka wanabishana na wajukuu zao kuhusu njia ya kurudi nyumbani. Watu huwashukuru madaktari, na ni haki yao. Hakuna anayeuliza ni nani aliyehakikisha kwamba siku mgonjwa alipopanda kitandani lenzi ilikuwepo, umeme ulikuwepo, na aliyeshika kisu hakuwa na njaa. Huyo alikuwa dada yangu, ghorofani, chumba cha pembeni chenye feni inayolalamika.

Nilichoelewa kuhusu kazi yake nilikielewa kwa njia ya kushona. Ukiletewa kitambaa cha bibi harusi, huwezi kumkatia mjomba suruali, hata kama mjomba anatembea uchi. Aliyetoa fedha za lenzi ametoa za lenzi. Zikinunua dizeli, hiyo ni dhuluma, hata kama jenereta ni kavu kweli. Basi kila siku watu wazuri, wenye shida za kweli, waligonga mlango wa dada kuomba kitambaa cha bibi harusi, naye akawaambia hapana. Mkurugenzi aliwahi kutaka gari jipya. Dada akamuuliza, "Bosi, hilo gari litapandwa na macho mangapi?" Mkurugenzi alicheka, ila kwa siku nyingi salamu zake zilikuwa za kutupa.

Lakini mfadhili mkubwa alipojitoa ghafla, hospitali haikufungwa hata siku moja. Mama Hapana alikuwa amewanyima watu semina za hotelini na fulana za maadhimisho, fedha ile ndogo isiyokuwa na masharti akaiweka akiba. Mwezi huo hakuna aliyemwita jina lolote. Walipokea mishahara yao, wakanyamaza.

Sikukaa kitako kuisifu kazi yake, hata hivyo. Kazi hiyo niliichukia. Ilikuwa na gharama, na aliyeilipa ni shemeji, mume wake.

Shemeji ni muuguzi wa chumba cha upasuaji wa macho, na alianza kufanya kazi pale hospitali kabla ya dada. Mzee akiletwa anatetemeka, shemeji alimshika mkono na kumwambia, "Baba, hebu nisimulie ulivyomposa mama." Mzee akianza kusimulia, mapigo ya moyo yanashuka. Akifika kwenye mahari, ameshatulia tuli, na wakati mwingine daktari husubiri kwanza asikie mwisho wake.

Mkuu wa fedha wa zamani ndiye aliyeharibu. Mpwa wake aliiuzia hospitali dawa, na mke wake alilipwa kila mwezi kwa kazi ambayo hakuna aliyeweza kuitaja. Wafadhili waliposhtuka walifunga mfuko, na wagonjwa waliokuwa wameanza matibabu wakarudishwa makwao na bendeji machoni. Dada, wakati huo mhasibu wa kawaida, ndiye aliyetumwa getini kuwaambia. Alirudi nyumbani hakula. Bodi ilipompa yeye kile kiti akisafishe, jambo la kwanza aliloandika ni kwamba anayeidhinisha malipo hatakuwa na ndugu wala mwenzi anayelipwa na shirika. Aliandika hivyo akijua fika mume wake yuko ghorofa ya chini, amevaa kofia ya kijani, anamfariji mzee wa mtu.

"Hukuweza kuacha hata kamlango kadogo?" nilimuuliza.

"Sheria ikiwa na mlango wa nyuma, mdogo wangu, wa kwanza kupita ni mwizi."

Ilibidi mmoja atoke. Shemeji hakumwachia hata nafasi ya kuomba. Alisema, "Kaa wewe kwenye hicho kiti. Mimi mikono yangu naibeba popote." Hapa mjini macho yanapasuliwa pale ng'ambo tu, hakuna kwingine, kwa hiyo popote ikawa hospitali ya serikali ya mbali, mwendo wa siku mbili kwa basi. Watoto walikuwa shuleni, mshahara mmoja usingetosha. Walisema ni kwa muda. Watoto wakamaliza shule, wakamaliza vyuo, wakaondoka kwenda kutafuta maisha, na muda ule ulikuwa bado haujaisha.

Walikula pamoja kwa simu. Saa mbili kila usiku dada aliegemeza simu kwenye jagi la maji, akaweka sauti ya juu, na kule shemeji akafanya hivyo hivyo. Nilikuwa nikisikia kutoka chumbani kwangu: kijiko cha huku, kijiko cha kule.

"Umeweka chumvi?"

"Nimeweka. Wewe?"

"Imezidi kidogo."

Halafu kimya, vijiko tu. Mara nyingine dada aliacha kutafuna ili amsikie vizuri.

Sabuni ya shemeji, ile ya kijani yenye harufu kali, dada aliinunua mwaka mzima na kuogea mwenyewe. Kitandani hakuvuka kwenda upande wa ukutani. Na shemeji alipokuja likizo kisha akaondoka, shuka zake hazikufuliwa. Mimi sikulijua hilo. Siku moja, kwa wema wangu wa kujipendekeza, nilizitoa nikazifua nikazianika. Dada alirudi kazini, akaingia chumbani, akanikuta natandika nyingine. Mwanamke yule ambaye wakurugenzi walimwogopa alikaa chini sakafuni na viatu vyake vya ofisi akalia kwa sauti, na mimi nikasimama na beseni mkononi nisijue pa kuliweka. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Aliyetunga hayo hakuwahi kuishi na dada yangu.

Kila mkataba wake ulipokaribia kwisha alimwambia shemeji kwamba safari hii anaondoka, anamfuata. Kila mara likazuka jambo: ukaguzi, mfadhili mpya, mfumo mpya wa kompyuta. Mwaka jana aliandika barua kweli, akaipeleka. Alianza hata kunigawia masufuria. Nikajua sasa ameamua, nikawa nafurahi na huku moyo unaniuma, maana nilikuwa nakwenda kubaki peke yangu.

Jumamosi moja mwenyekiti wa bodi akaja nyumbani. Ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu mpole, anayekaa ukingoni mwa kiti kama mgeni wa posa. Nyuma ya pazia nilikuwepo, sikatai.

"Mama, tumepata barua yako," alisema. "Tunajua unamfuata mzee. Ila kuna hawa wafadhili wapya. Wametuambia wazi, wanaamini saini yako. Ukiondoka kabla hawajatia saini mkataba wao, hatuna uhakika."

"Mhasibu wangu anaweza," dada alisema.

"Anaweza, lakini hawamjui. Sasa sikiliza. Tumekaa kama bodi tukatafuta njia. Nafasi ya muuguzi wa chumba cha upasuaji iko wazi. Mzee arudi. Ile sheria tutaiweka kando kwa ajili yako. Hakuna mtu atakayesema neno, wewe umeshajulikana."

Nusura nipige vigelegele pale pale nyuma ya pazia. Mume, nyumbani, ng'ambo ya barabara! Nilichungulia nimwone dada anavyofurahi. Alikuwa ameshika sinia ya chai. Aliiweka mezani polepole.

"Mwenyekiti, hiyo sheria niliiandika mimi."

"Ndiyo maana tunataka ufaidi wewe."

"Nikipita mimi, kesho nitamzuia nani?"

Mwenyekiti akanywa chai. Dada akamwambia kwamba atabaki mpaka mkataba wa wafadhili wapya utiwe saini, na kwamba habari ya mume wake iishie hapo. Mgeni alipotoka tu, nilitoka nyuma ya pazia nikiwa nimepandwa na mori.

"Unapewa mumeo kwenye sinia unamrudisha! Wewe ni mtu au ni kabati la chuma?"

"Namtaka kuliko unavyojua," alisema. "Namtaka hivi kwamba siku akiomba kitu asichostahili, nitasaini. Najijua. Ndiyo maana nikakataa."

Jioni alimweleza shemeji kila kitu, simu ikiwa imeegemea jagi. Kule vijiko vilinyamaza. Baadaye shemeji akasema, "Basi narudi hivyo hivyo, bila kazi. Watoto wamekua. Kiinua mgongo kipo. Nimechoka kukutafuta kwenye simu."

Akaja. Alishuka kwenye basi na mabegi mawili na mvi ambazo hatukuwa tumezizoea. Dada aliomba ruhusa ya siku mbili, jambo ambalo ofisini walilijadili kama habari ya redio. Jioni ya kwanza alipika, akaandaa, akakaa mbele yake. Shemeji akawa anachezea chakula.

"Kibaya?"

"Kitamu. Ila mimi sili usiku, mke wangu. Daktari alinikataza zamani, kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Nakula mchana tu."

"Zamani ya lini?"

Shemeji aliinamisha kichwa. "Mwaka wa pili tangu niende."

"Na vile vijiko?"

"Nilikuwa nagonga sahani. Nikija likizo nilikula kwa kujilazimisha, kisha naumwa nikisharudi."

Dada yangu, anayenidai risiti ya nyanya, miaka yote hiyo alikula na sahani tupu, na akajibiwa kuwa chumvi imezidi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia sili, na wewe ungeacha kula."

Nilianza kucheka mimi, akafuata yeye, tukacheka mpaka ikawa si kicheko tena. Niliondoka nikawaacha.

Kwa wiki kadhaa nyumba ilikuwa na raha. Niliwasikia asubuhi wakigombania kioo. Dada alinenepa kidogo na akaanza kuimba bafuni, vibaya. Nikadhani hadithi imeishia hapo, mtu kampata aliyemtaka, tufunge tukalale.

Ila shemeji aliamka na alfajiri, akaoga, akavaa shati safi, na kisha hakuwa na pa kwenda. Alitengeneza bawaba zote za nyumba. Alipomaliza zetu akatengeneza za majirani. Siku moja alivuka barabara, akaketi kwenye benchi la nje la hospitali pamoja na wagonjwa. Kesho yake akaenda tena. Nilipopita nikitoka kununua uzi nilimsikia, "Baba, hebu nisimulie ulivyomposa mama." Wazee walimpenda. Mlinzi alimpenda. Mkurugenzi naye akaona nafasi, akamwambia dada amwache mume wake aingie ndani ajitolee, bila mshahara.

"Anayejitolea anapewa nauli na chakula cha mchana," dada alijibu.

"Anakaa ng'ambo ya barabara! Nauli ya nini?"

"Akijichoma na sindano, nani anagharimia matibabu? Shirika. Nani anaidhinisha? Mimi. Hapana, bosi."

Aliponisimulia nilimwambia amezidi, na kwamba hata ubishi una kipimo.

Kisha ikaja siku ya yule bibi. Mimi nilikuwepo, nimepeleka mashuka niliyoshona kwa sadaka, maana sheria ya dada ilinizuia hata mimi kulipwa. Bibi alifikishwa mlango wa chumba cha upasuaji akashika fremu kwa mikono miwili, analia kwamba hataki, anataka kufa na jicho lake. Muuguzi aliyekuwepo, binti mgeni wa kazi, alimbembeleza mpaka akataka kulia mwenyewe. Akageuka, na kupitia mlango wa nje uliokuwa wazi akamwona shemeji kule benchini. "Mzee wangu, njoo unisaidie!"

Shemeji aliinuka haraka mno, miguu ikamtangulia. Alikuja na korido, mikono ya shati ameshaikunja. Pale mlangoni sakafu ina mstari mwekundu; asiye mfanyakazi havuki. Shemeji alifika kwenye ule mstari akasimama. Ncha za viatu zilikuwa juu ya rangi kabisa. Alitazama ndani, zile taa, lile sinki refu, mwenzake wa zamani aliyekuwa ananawa. Akashusha mikono ya shati, akafunga vifungo. Alimwambia binti yule, kwa upole, amuulize bibi aliposwaje, halafu akarudi nyumbani.

Nilipogeuka nilimwona dada. Alikuwa kwenye ngazi pamoja na wakaguzi wa nje, mmoja wao anaendelea kumuuliza jambo. Hakuwa anamsikia.

Mchana ule shemeji alikuja kukaa chumbani kwangu. Alichukua sindano zangu za mkono akawa ananitungia uzi, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha, kisha akachomoa akaanza upya.

"Shemeji, unataka nini?" nilimuuliza. "Niambie mimi, sitasema."

"Nataka kunawa mikono," alisema. "Ile ya kwenda mpaka kwenye viwiko. Kisha unaiinua hivi, hugusi kitu, mtu anakufungulia mlango."

Nilisema. Nina mdomo, sijawahi kuficha. Jioni nilimwambia dada neno kwa neno, naye akasikiliza huku ananyoosha nguo. Aliunguza kola, akazima pasi, akakaa.

"Nilimwona," alisema. "Nimemwona kwa macho yangu."

Mkataba wa wafadhili ulitiwa saini mwezi uliofuata. Siku hiyo hiyo dada alipeleka barua ya kuacha kiti, na safari hii hakuna aliyetumwa nyumbani na maneno matamu, maana aliwaambia mapema asitumwe mtu. Alimkabidhi mhasibu wake, mwanamume wa makamo wanayemwita Taratibu kwa vile neno hilo halimtoki mdomoni. Alimwonyesha funguo, benki, mafaili, na hata ile feni, kwamba ukiipiga ubavuni inanyamaza kidogo. Mwenyekiti alimwambia, "Sasa mzee aingie kesho, sheria haimgusi tena." Dada akasema asiingizwe kesho. Zipite zile wiki zilizowekwa kwenye sheria baada ya mtu kuacha kiti, nafasi ambayo bado iko wazi itangazwe, na mume wake aombe kama mtoto wa mtu mwingine yeyote.

Akaomba. Siku ya usaili shemeji alivuka barabara na bahasha yake, na dada akabaki uani. Kwa mara ya kwanza alikuwa na haja na shirika lile na hakuwa na ruhusa ya kuulizia. Alishika simu, akaiweka. Alifagia mahali palipofagiliwa. Nilimwambia ampigie Taratibu, aulize tu hali ya hewa, akanitazama jicho moja nikarudi kwenye cherehani yangu.

Aliyepiga ni Taratibu mwenyewe, wiki ile ile, kwenye simu ya shemeji. Shemeji aliweka sauti ya juu ili wote tusikie.

"Mzee, hongera, umepita. Umekuwa wa kwanza."

Dada aliziba uso kwa kanga.

"Ila mshahara ulioandika," Taratibu akaendelea, "hapana. Bajeti haina. Tunaweza kukupa ule wa daraja la kuanzia. Taratibu ndivyo zilivyo."

"Hapana, eti!" dada alinong'ona, mabega yanamtikisika kwa kicheko na machozi. "Nimemfundisha mimi huyu!"

Shemeji alikuwa anamtazama yeye, si simu. "Niseme nini?"

"Usiniulize mimi. Mimi si mkuu wa fedha."

Akasema ndiyo.

Asubuhi ya kwanza aliondoka mapema kuliko alivyohitaji. Tulimsindikiza mpaka getini, dada na mimi. Alivuka barabara bila kugeuka, si kwa ubaya, alikuwa na haraka tu, akapotelea mlangoni. Dada hakuingia ndani. Alisimama ameshika geti, ametazama juu, lile dirisha la pembeni. Mtu alikuwa ameshalifungua.

"Haya, mwenye mume," nilimtania, "si unaye sasa, unatazama nini tena?"

"Kiti changu," alisema. "Nakitamani kuliko unavyojua."

Sikutegemea angesema hivyo wazi. Nilimuuliza kwa nini basi amekiacha, mbona shemeji hakuwahi kumwomba akiache, hata siku moja hakulalamika.

"Ndiyo," alisema. "Miaka yote ile alinyamaza, na mimi nikadhani amezoea, mpaka siku nilipomwona kwenye ule mstari."